Nyayo Mia na Kumi na Mbili Alizotia Saini

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwani ipo sehemu aliyoniachia mwenyewe akanikataza kuiruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika hospitali ya misheni, mtoto wa kwanza kati ya watano wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, ambako alikuwa msichana peke yake darasani, na alipoulizwa kama hakukosea mlango alijibu kwamba yeye kusoma anajua, labda waliomuuliza ndio hawajui.

Mwaka 1982 aliajiriwa kiwanda cha plaiwudi, tarehe 6 Desemba 1986 akafunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa binti na mvulana, na mwaka 1997 akahamia karakana ya viungo bandia, kitengo cha majaribio. Nyayo za bandia hutengenezwa kwa matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyoshikanishwa kwa gundi, na tabaka likibanduka ndani hulioni, juu panang'aa kama kawaida na mtu anaukanyaga wayo huo. Vipande vya majaribio alivivuta kwa mashine hadi vikaachana, akiandika nguvu iliyotumika, lakini wayo uliokamilika hauwezi kuraruliwa kisha ukavaliwa, kwa hiyo aliugonga kwa sarafu kila sehemu, akisikiliza, mzima ukilia vizuri na uliobanduka ukitoa sauti butu, na ule mzima aliuandikia daftarini neno moja, "umeshika", akatia saini. Wenzake walimwita Mama Gongagonga.

Masikio yake yalianza kufifia mwishoni mwa mwaka 2020, alijua, mumewe alijua, nami nilijua, kwani redio yake niliisikia nyumba ya tatu, lakini aliogopa kustaafishwa, akaendelea kugonga akiamini kwamba mkono umeshazoea. Kati ya Januari na Agosti 2021 alitia saini nyayo mia na kumi na mbili, hadi tarehe 9 Septemba, mwalimu mmoja alipoanguka kwenye ngazi za shule, wayo wake umeachana katikati, akavunjika nyonga, na dada akafungua daftari akakuta mwandiko wake.

Alikuja kwangu analia, nami, nasema kwa aibu mbele yenu, nilimwambia funika kombe mwanaharamu apite, hizo zingine huenda ni nzima, utajichafulia jina bure. Hakunisemesha miezi minne. Alimweleza meneja yote, akaachishwa kazi, karakana ikatoa tangazo ambalo wachache walilisikia, akaomba orodha ya waliopewa nyayo hizo, akapewa kwa shingo upande, na wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba, shemeji akigonga na kusikiliza, yeye akimwangalia usoni. Walikagua themanini na tatu, ukihesabiwa na ule wa mwalimu, sita zilikuwa zimebanduka.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, na tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na miwili, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliopika na kufua kwa zamu, wafanyakazi wenzake, hata wale aliowakasirisha, na mwalimu aliyeketi pale mbele, ambaye hakumsamehe, alimwambia hivyo waziwazi, na leo amekuja.

Nyayo ishirini na tisa hazijapatikana. Yeyote aliyepewa wayo kwenye karakana ile mwaka 2021, au anayemjua aliyepewa, anione kabla hajaondoka hapa, tafadhali asione haya. Dada alinikataza kumtakia yale maneno ya mwisho tuliyoyazoea kabla hazijakaguliwa zote, na safari hii sithubutu kumshauri vingine. Pumzika, dada yangu. Amani tutakutafutia sisi.