Msimwinue Kwanza: Risala ya Watu wa Msituni, Igowole

Mgeni rasmi, Daktari Adrian, viongozi wetu wa dini na wakata miti wote: Bwana asifiwe, na asalaam alaykum kwa ndugu zetu Waislamu.

MAKARIBISHO
Karibu Igowole! Tangu ukungu haujatoka tulikuwa barabarani tukikungoja, na gari lako lilipokata kona kina mama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akapotewa na sala yake. Utusamehe, ni furaha.

TULIKOTOKA
Sisi tunakata mipaina na kupasua mbao. Desturi yetu ya miaka yote, mtu akiangukiwa na mti, ni kumwinua upesi. Anaketishwa, ananyweshwa maji ya sukari, anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya wawili wamkumbatie. Hivyo ndivyo alivyopelekwa marehemu Zabron, mume wa msomaji wa risala hii. Walimpeleka kwa upendo. Alifika hospitali miguu imekufa ganzi, na nyumbani hakurudi tena.

NGAZI ZA MAFUNZO YA HUDUMA YA KWANZA
Ngazi ya kwanza wengi tunayo: kuzuia damu, kumlaza aliyezimia, kupiga simu na kungoja gari. Inamfaa sana mtu wa Iringa mjini. Huku simu haishiki, na mvua ikinyesha gari halifiki. Ngazi ya pili ndiyo ya porini: kukaa na majeruhi saa nyingi, kumtuliza shingo, kumkinga na baridi, kumbeba bila kumpinda. Ya tatu ni ya wale wa gari la wagonjwa, wenye dawa na mashine. Hiyo tunawaachia wenyewe.

Ngazi ya pili anayo mtu mmoja tu, mwenzetu Yusta, aliyeifuata Iringa.

FURAHA YETU
Mvua za mwisho, mti ulimpiga Isakwisa mgongoni. Wenzake wakakimbia kumwinua. Yusta akawahi, akapiga magoti kwenye matope, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwinue apate hewa, wewe!" mmoja wao akafoka.

"Asiguswe! Hewa anayo, humsikii anavyopiga kelele? Leteni ubao."

"Ubao? Kwani amekufa?"

Ukaletwa ubao mbichi. Yusta akahesabu, wakamgeuza wote kwa pamoja, wakamfunga kwa vitenge.

"Dada Yusta," Isakwisa akalalamika, "pua inaniwasha."

"Vumilia."

"Basi Marta anikune!"

Marta, mkata miti mwenzetu, alimkuna njia nzima mpaka barabarani.

Mgeni rasmi, Isakwisa ni yule mwenye tai nyekundu. Simama, baba. Tembea uje hapa mbele. Tazameni jamani, anatembea!

KINACHOTUKWAMISHA, NA OMBI
Wiki ijayo Yusta anakwenda kwa mama yake Uyole kujifungua, na kukata miti hakusimami. Tunaomba mwalimu wa ngazi ya pili aje huku huku, atufundishe kwenye matope yetu. Ndugu Makame wa hapa kijijini ametupatia ghala lake, mwalimu alale humo na vifaa vyake, chakula tutapika.

Ubao uliombeba Isakwisa ndio huu. Tunakuomba ulale juu yake tukufunge, uone tulipofika na tulipoishia. Vijana walitaka tusikufungue mpaka ukubali. Tumewakatalia, mgeni hafanyiwi hivyo. Ila ukishalala, mtazame atakayekushika kichwa. Atakuwa msomaji wa risala hii. Ameomba awe wa kwanza kufundishwa.

Mungu aliyekufikisha akurudishe nyumbani mgongo umenyooka, na awarudishe hivyo hivyo wote walioko msituni saa hii.

Ni sisi,
Kikundi cha Huduma ya Kwanza Msituni, Igowole.
Msomaji: Evarista Mgaya