Miche Isiyofanana

Wafiwa wenzangu, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi majokofu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na mtanivumilia nikikwama.

Marehemu dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Viazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kifungua mimba wa karani wa stesheni na mkewe mshonaji, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, ambako alitolewa nje mara kadhaa kwa maswali yasiyokwisha, na mwaka 1980 akahitimu chuo cha kilimo. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kituo cha utafiti wa mazao, na tarehe 14 Julai 1984 akafunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa trekta wa kituo hichohicho, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mrefu na mkimya, mwingine mfupi asiyefunga mdomo, na wote wapo hapa.

Kazi iliyompa sifa ndiyo iliyomnyima usingizi. Alipata kiazi mviringo chenye ladha, chenye kuzaa sana, na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi, kila shina likawa nakala ya lile la kwanza, tukakipanda sote, mistari imenyooka, mashina yamelingana kimo, tukamsifu, mpaka mvua za mwaka 2009 zilipoleta ukungu, na ukungu uliojua kuua shina moja ukawa umejua kuyaua yote, majirani wakauza mpaka milango. Hakuna aliyemlaumu usoni, lakini yeye alisema mpaka mwisho kwamba ndiye aliyewaponza.

Alipostaafu mwaka 2017 alianza upya uani kwake, safari hii kwa mbegu zitokazo kwenye ua la kiazi. Alitueleza tena na tena, nasi tukiitikia huku tunatazama saa, kwamba ndani ya ua, kabla chavua na yai havijaumbwa, seli hugawanyika kwa njia iitwayo meiosisi, ambamo kromosomu za upande wa baba na za upande wa mama hukaa pamoja, hubadilishana vipande, kama ndugu wanaobadilishana nguo kabla ya safari, kisha huachana, kila chavua na kila yai likiondoka na nusu tu, yenye mchanganyiko wake, na nusu mbili zikikutana huzaa mche ambao haujawahi kuwapo duniani. Ndiyo maana watoto hao wa ua hawafanani, wengi dhaifu, mmoja mmoja shupavu, na mzalishaji wa mbegu asiye na watoto tofauti hana cha kuchagua. Aliwapitisha wote kwenye ukungu, wakabaki wachache waliokataa kufa, nao aliwaita fidia yake kwenu.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili, akalazwa tarehe 6 Juni 2024, akaomba jambo moja tu, miche yake imwagiliwe, mabinti wakafanya hivyo kila jioni, naye akafariki alfajiri ya tarehe 19 Juni. Juzi, mabinti wakiwa hospitali kumchukua mama yao, mimi nilitafuta nafasi ya turubai hili, nilijua kuna miche, nikatafuta mistari, sikuiona, nikaona mmea huu mrefu, huu wa zambarau, ule unatambaa, nikawaambia vijana wang'oe magugu. Fundi maabara wa kituo, mwenzake wa miaka mingi, ndiye aliyeitambua miche kwenye lundo la takataka, akapiga magoti akaanza kuichambua mmoja mmoja, na afadhali angenitukana. Ameifunga mizizi kwa magazeti mabichi, hajui kama itashika. Naona aibu, na sina pa kuipeleka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani mlioleta viti na maji, ninyi ambao mashamba yenu yalioza na bado mmekuja kumzika. Mlioketi upande wa ukuta, nawaomba msisogeze viti nyuma, hapo nyuma ya miguu yenu kuna miche miwili ambayo vijana hawakuifikia.

Pumzika kwa amani, dada, mimi amani yangu nitaitafuta hapo ukutani, na ndoo ya maji mkononi.