Kufuli na Mdomo Uliogoma

Benchi la nje ya duka la kinyozi lilikuwa na watu wake wale wale: Povu, kinyozi mwenyewe, na birika lake la kahawa; Brashi, mpaka rangi; na Kufuli, fundi wa vitasa, kanuna mpaka masikio. Na alikuwa na haki ya kununa, jamani! Mjukuu wake wa kwanza katolewa hospitali leo, yuko nyumba ya tatu tu kutoka hapo, na babu mtu yuko benchini. Mdomo umemtoka malengelenge.

— Binti yangu, mama wa mtoto, si mtu wa maabara? akasema Kufuli. Kanipigia: “Baba, hivyo ni virusi vya hapesi. Kwako kero tu, kwa kichanga ni hatari. Usimbusu.”

— Sasa vinaingiaje mwilini? akauliza Brashi.

— Eti kirusi kimevaa protini kwa nje. Moja inashika seli. Ikishashika, inaziamsha nyingine, zinakusanyika hapo hapo mlangoni. Ya mwisho inajikunja, inavuta ngozi ya kirusi na ngozi ya seli mpaka zinakuwa moja. Basi, kimeingia.

— Milango na kuingia, si ndiyo kazi yako hiyo! akaruka Povu. Ungekizuiaje?

— Ningeitoa protini moja. Ufunguo ukikosa jino haufungui.

— Basi tumtoe mshikaji, ile ya kwanza. Jipake mafuta mdomo mzima, ateleze!

— Mafuta ya nini? Rangi, ipakwe mara mbili, akasema Brashi. Atapapasa mlango asiuone.

— Akipapasa si atashika pua? akauliza Kufuli.

— Na pua tunapaka!

— Ngojeni tuone kwa vitendo, akasema Povu.

Povu akaushika mlango wa duka lake kama protini ya kwanza, akampiga Brashi teke la kumwamsha, Brashi akamdaka Kufuli kiunoni, Kufuli, ya mwisho, akajikunja akawavuta wote mlangoni. Lahaula! Mlango ukafunguka, wote watatu wakaangukia ndani, chini ya kiti cha kunyolea. Kufuli akacheka mpaka kidonda kikapasuka.

— Aaa! Mdomo wangu!

Walipoinua macho, mke wa Kufuli kasimama mlangoni.

— Mnafanya nini, watu wazima?

— Tunatafuta namna babu ambebe mjukuu, shemeji, akasema Povu kutoka sakafuni.

— Kwani mtoto anabebwa kwa mdomo?

Povu akachungulia birika, tupu. Kufuli akaitazama mikono yake, mikono iliyofungua milango ya mtaa mzima, akaona aibu na furaha kwa pamoja.

Kwenye nyumba ya tatu, Kufuli alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, kidonda kikafunikwa, barakoa juu yake. Binti yake akamkagua kama polisi, ndipo akamwekea kichanga mikononi. Povu na Brashi walibanana dirishani. Kiganja kidogo cha mtoto kikapapasa, kikapata kidole cha babu, kikang'ang'ania.

— Kanishika! akanong'ona Kufuli, machozi yakilowesha barakoa. Basi, kaingia.