Jina Langu Halikumlegeza Mtoto

Kina mama, wekeni vikombe chini kidogo. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nitasema kwa maneno yangu.

Mjukuu wangu wa kwanza alipewa jina langu, kama ilivyo desturi yetu. Hapa Riruta mlimwona: alichelewa kutembea, kope zinaanguka, ngazi tatu tu anakaa. Marehemu dada yangu alikuwa vivyo hivyo, basi watu wakasema jina la kwetu limebeba ugonjwa. Mmoja alinikuta nikikata sukuma wiki akaniambia, "Mpeni jina lingine, apone." Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona mchawi wa damu yangu mwenyewe. Nikaacha kuja hapa.

Hospitalini mjini walishuku protini moja, ile inayopokea amri ya kusogeza misuli. Wakapima jeni yake, yaani maagizo ya kuitengeneza. Haina kasoro. Dawa waliyojaribu ikamlegeza zaidi. Mke wa mwanangu alinitazama tu, nami nikaelewa kwamba naye analaumu jina langu.

Ndipo daktari mwingine, msichana mdogo, akaniuliza, "Shosho, mkipika harusini, wali ukiungua mnamlaumu nani?"

"Mpishi aliye kwenye sufuria."

"Na kama wa kumletea maji hakuja?"

Kina mama, mnakumbuka. Si ndiyo yaliyotupata kwenye ile harusi ya Uthiru?

Akanieleza kwamba protini hazifanyi kazi peke yake. Wataalamu wamechora ni ipi hushikana na ipi. Mpishi akionekana mzima, wanawafuata wanaomsaidia. Wakapima jeni za wenzake wale, na kasoro ikapatikana kwa mmoja. Dawa ikabadilishwa, wakampa vidonge ambavyo wengine humeza kwa pumu. Msinunue vyenu, daktari ndiye hupima. Ugonjwa haujaisha, sitawadanganya. Lakini juzi alipanda ngazi za kanisa akageuka: "Shosho, unachelewa."

Daktari alisema kasoro hiyo ilitoka kwa baba na kwa mama pia. Kwa hivyo mdogo wake alipozaliwa walimpima kabla hajalegea. Anayo. Ameanza dawa mapema, na anatambaa kama moto. Na huyo, kina mama, ana jina la bibi yake wa upande wa pili. Sasa mtalaumu jina gani?

Namshukuru yule daktari, na wewe uliyeniletea chapati bila kuniuliza neno. Kipimo kimoja kisipoona kitu, msirudi nyumbani kutafuta mchawi. Ulizeni kama wanaomsaidia mpishi wamepimwa.

Na wewe wa sukuma, nakuona hapo nyuma. Keti tu. Mtoto atakuja kukusalimia, na utamwita kwa jina langu.