Mwalimu wa Matope: Historia ya Marehemu Linet Chesang

Marehemu Mwalimu Linet Chesang alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Kachibora, mtoto wa tatu wa Mzee Kimeli na Mama Rael, na ni mamake aliyemfundisha, kila Desemba, kuchuja udongo mwekundu na mweupe na kupaka maua kwenye kuta za nyumba kabla ya Krismasi.

Alisoma papo hapo Kachibora kuanzia 1991 hadi 1998, akaendelea na sekondari mjini Bungoma, akahitimu ualimu mwaka 2005, akafundisha Myanga, ambako hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba mchoro wake ni mbaya. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Mwalimu Kipkemei, wakahamia mlimani, juu ya Kitale, wakajaliwa Chebet mwaka 2011 na Tonny tarehe 6 Julai 2014.

Tarehe 3 Mei 2024, baada ya mvua ya siku nne, mlima uliporomoka, ukafunika nyumba kumi na moja, na Tonny, aliyekuwa ametoka kumfungulia ndama, alipatikana siku ya tatu akiwa amefariki, gambuti ya kulia tu mguuni. Ile ya kushoto Linet aliitafuta kwa mikono yake mwezi mzima, asiipate, na tukashindwa kumzuia.

Mwezi wa Juni alipeleka karatasi na kalamu za rangi kwenye ukumbi wa kanisa walikolala waliopoteza makao, akawaambia watoto wachore nyumbani kwao, nao wakaweka kalamu chini, wote. Alikiri mbele ya wazazi kwamba amekosea, akarudi kesho yake na ndoo ya udongo uleule uliotuua, akauchuja kama alivyofundishwa, akawaruhusu wapake chochote ukutani. Walioanza kwa kuurusha kwa hasira waliishia kupaka ng'ombe, majina na nyuso, wazee wakajiunga, na hata waliomtania kwamba ni mwalimu wa matope walilia pale na kufarijika.

Lakini mganga hajigangi. Ukuta wa nyumba yake mpya, huu mnaouona nyuma ya jeneza, Desemba ilipita bila kupakwa. Februari 2025 alipatikana na saratani ya ini, na wiki moja kabla ya kufariki tarehe 21 Agosti, aliomba ndoo ya udongo, mumewe akamshika kiwiko, akachora kando ya mlango gambuti moja ndogo, ya kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji, na walimu wenzake wa Myanga, na inaomba ukuta huo usiguswe. Pumzika sasa, Mwalimu, mpelekee Tonny ile aliyoiacha.