Bi. Ragnfrid na Vafla ya wa Mwisho

Tarehe 31 Machi, Bi. Ragnfrid Bakketun anastaafu baada ya kulitunza jengo la klabu yetu ya ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, hapa Haugbygda, kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa afagie. Kupika vafla, zile chapati nene za mashine, alijitwika mwenyewe.

Kuna msimu tulibaki na vijana tisa tu. Kamati ikasema akipungua hata mmoja, kikosi cha vijana kinafungwa. Mwenyekiti wetu, Steinar, alishikilia kwamba dawa ni medali kubwa zaidi. Akawagawia vijana karatasi waandike kinachowafanya waendelee na mchezo. Saba waliandika vafla. Wa nane aliandika Ragnfrid. Wa tisa alisema mama yake anamlazimisha, halafu vafla.

Basi Bi. Ragnfrid akatangaza utaratibu wake: vafla ya kwanza, yenye jibini ya kahawia, ni ya atakayemaliza wa mwisho kwenye mbio za Jumapili. Loo! Jumapili iliyofuata vijana wote tisa walifunga breki mita moja kabla ya mstari wa kumalizia, wakikaribishana kutangulia kwa adabu ambayo wazazi wao hawakuwahi kuiona. Dakika arobaini. Steinar na saa yake wakaganda pamoja.

Bi. Ragnfrid alirekebisha kanuni palepale: wa mwisho lazima awe amechoka kweli. Akawa anakagua pua. Makamasi yaliyoganda ndiyo ushahidi. Hakuna aliyeacha msimu ule. Mimi niliyeandika haya nilikuwa wa mwisho miaka sita mfululizo, kwa haki kabisa, na leo ndimi kocha. Bila vafla ile ningekuwa nimeacha zamani, wala sioni aibu kusema.

Jumapili iliyopita tulimfanyia mbio za kumuaga. Tulikuwa arobaini na mmoja, Steinar akiwemo, na sote tukasimama mita moja kabla ya mstari. Alitoka na upawa wake.

“Vukeni nyie, zinapoa.”

Hakuna aliyetikisika. Ndipo akavua aproni, akaazima ski, ambazo hakuwahi kuzivaa maishani, akaja nyuma yetu akianguka kila hatua ya tatu. Tulipomwona anakaribia, tukavuka haraka haraka, wote.

Steinar alimkagua pua. Ushahidi ulikuwepo, na machozi juu yake. Vafla ya kwanza akapewa yeye.

Asante, Bi. Ragnfrid. Pumzika vyema, ule za moto.