Hatua ya Kwanza

Gizani alfajiri, kifuniko cha sufuria kiligongagonga kikapuni chini ya kiti cha basi. Mwanamke mmoja, fundi cherehani aliyewafuata wanawe kwa bibi yao likizo ilipokwisha, alimwambia kwa furaha mama mzee aliyeketi kando yake, "Mama, huyu mdogo alinisubiri! Nilipofika tu jana, akapiga hatua yake ya kwanza."

Yule mama, mlezi wa watoto wa watu miaka nenda rudi, alizitazama nyayo za mtoto zilizokomaa na magoti yenye makovu, akameza lililomfika mdomoni. Hata yeye huficha hatua za kwanza, ili kila mzazi azione mwenyewe.

"Alikuwekea wewe, mwanangu," akasema.

Basi liliposimama, dada wa yule mdogo akamvuta mama yake gauni.

"Mama, huyu anatembea kitambo, ila bibi alitukataza kusema."